Cheni ya Bi Grisi

Jina la Bi Grisi alipewa kwa kejeli. Wanaume wa kijiweni, pale kwenye kona ambapo madereva wa pikipiki hungoja abiria, walimbandika jina hilo wiki ileile alipojitokeza na pikipiki ya mumewe. Walimkuta amepiga magoti na glavu za kuoshea vyombo mikononi, anafuta cheni, huku wao wamekaa juu ya viti vya pikipiki zao wakichezea simu. Mmoja alimuuliza kama amekuja kubeba abiria au kusugua masufuria. Bi Grisi alimaliza kufuta, akanawa, akaingia kwenye foleni kama wengine. Jina likaganda, lakini kejeli iliyeyuka yenyewe, maana pikipiki zao zilikuwa zikikwama njiani na abiria wao wakiishia kushuka na kuhamia kwake.

Mimi ni jirani yake. Tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, na ukuta wenyewe mwembamba. Kinachosemwa kwake nakisikia hata nikiziba masikio, na sizibi. Haya ninayosimulia mengi niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe siku zile hasira ilipomkaba mpaka akahitaji mtu wa kumtolea. Nami nilikasirika pamoja naye. Bado sijapoa, kwa hiyo msitarajie nipoze maneno.

Pikipiki ile ilikuwa kazi ya mume wake. Siku moja sokoni, lori lilirudi nyuma bila dereva wake kutazama, likambana na ukuta. Aliokoka, lakini mguu haukurudi ulivyokuwa, na tangu hapo anatembelea mkongojo. Ndugu walikuja kumjulia hali, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Aliyebaki na watoto, mgonjwa na sufuria tupu ni mke. Kwa hiyo alipiga moyo konde. Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule siku za mapumziko, mume akiwa ameketi pembeni anampigia kelele za kubadili gia. Alianguka, akainuka, akapata leseni, akaingia barabarani.

Kuhusu cheni, alifundishwa na mumewe, na mwanafunzi akampita mwalimu. Kila jioni akirudi, kabla hata ya kuvua viatu, anaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa uani ili tairi la nyuma lizunguke hewani. Anatandika kipande cha boksi chini. Injini anaizima kabisa, ufunguo anautia mfukoni, kwa sababu wapo mafundi waliopoteza vidole kwa kufuta cheni wakati injini inanguruma. Kisha anachovya mswaki mzee kwenye mafuta ya taa, anasugua mchanga na uchafu ulioganda, anakausha kwa kitambaa. Ndipo anadondosha oili upande wa ndani wa cheni, tone kwa tone, huku mkono wa pili ukizungusha tairi taratibu. Mwisho anafuta iliyozidi. Oili ikizidi, aliniambia, inageuka gundi ya mchanga, na mchanga unatafuna chuma kama mchwa.

Ili ajue ameanzia wapi na asirudie, alipaka pingili moja ya cheni rangi nyekundu ya kucha. Rangi ni ya binti yake. Nilimtania kwamba pikipiki yake inakwenda harusini. Akacheka, akasema afadhali kucha za cheni, maana zake zimeshakataa urembo.

Mambo yangeenda vizuri kama si shemeji yake.

Huyu shemeji ni mdogo wa mume, naye ni dereva wa pikipiki kijiwe hichohicho. Watu humwita Kasi. Ana pikipiki yake mwenyewe, nzuri kwa macho, imepambwa vibandiko na vioo vya kung'aa, lakini cheni yake ilikuwa kavu kama kuni na ikilia njia nzima. Ukimwambia atie oili, anakwambia pikipiki si mtoto mchanga ipakwe mafuta. Basi ya kwake ikiharibika, anakuja kuazima ya kaka yake. Na kuazima kwenyewe si kuomba. Anaingia, anachukua ufunguo uliotundikwa nyuma ya mlango, anasema, "Shemeji, nafika hapo tu," na hapo tu ni mpaka giza. Pikipiki inarudi ina tope, tangi halina kitu, cheni imejaa vumbi la simenti.

Bi Grisi alilalamika kwa mumewe. Mume alimjibu kwamba yule ni damu yake, avumilie. Alilalamika kwa mama mkwe, anayeishi nao chumba cha mbele. Mama mkwe alisema ndugu hawagombani kwa ajili ya chuma. Basi mwanamke akawa anameza, anasugua, anatia oili, anaondoka asubuhi. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, na mateke yalikuwa njiani.

Muda si mrefu kabla ya yaliyotokea, alikuwa amebadilisha seti nzima: cheni mpya, na zile gia mbili zenye meno zinazoishika, ya mbele na ya nyuma. Pingili yake moja aliipaka rangi ileile ya kucha, na cheni hiyo aliitunza kama mkufu. Sauti yake barabarani ilikuwa kama kitambaa kikipita juu ya kitambaa.

Ikafika jioni moja ambayo kesho yake mama mkwe alikuwa na miadi ya kupimwa macho hospitali, na Bi Grisi ndiye angempeleka. Jioni hiyo Kasi akaja kuazima. Bi Grisi alikataa, kwa mara ya kwanza, na alikataa waziwazi. Mama mkwe akasema kutoka chumbani kwake kwamba mwanawe asinyimwe kitu cha kaka yake, mradi arudishe mapema. Mume akatazama sakafu. Ufunguo ukaondoka.

Pikipiki ilirudi asubuhi, mama mkwe akiwa ameshavaa na kusimama mlangoni na mkoba kwapani. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Kasi alikuwa ameiosha. Cheni ilikuwa imepakwa grisi nyeusi nzito, tope zima. Alisema kwa tabasamu kwamba leo amemsaidia shemeji kazi yake. Bi Grisi aliona ajabu, akainama kuitazama, akataka kuifuta kwanza. Mama mkwe akamwambia wakichelewa foleni ya hospitali itawameza. Akanyanyuka, akawasha.

Walipofika kwenye mlima ulio kabla ya hospitali, aliisikia cheni ikiruka meno. Tak, tak. Alipunguza mwendo ili asimame pembeni. Kabla hajasimama, cheni ilikatika, ikajisokota nyuma na kulibana tairi. Pikipiki ikalala upande. Bahati mwendo ulikuwa mdogo na nyuma yao hapakuwa na gari. Bi Grisi alichubuka goti na kiwiko. Mama mkwe aliangukia mkono, na mkono ukavunjika kifundoni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Mama alitibiwa, akafungwa plasta, akarudishwa nyumbani kwa teksi. Jioni yake ukoo ulijaa sebuleni. Alikuja shangazi wa mume, akaja Kasi, akaja binamu mmoja ambaye siku zote huja kukiwa na lawama za kugawa. Nilikuwa jikoni kwangu nachambua mboga, na nilisikia kila neno. Walimweka mwanamke yule katikati, goti lake bado linavuja damu, wakaanza. Shangazi alisema pikipiki si jiko. Binamu alisema mwanamke akishika usukani, roho za watu ziko rehani. Kasi, kwa sauti ya huruma kabisa, alisema hawezi kumlaumu shemeji, ila labda zile oili anazotia kila siku zimeilainisha cheni mpaka imekuwa dhaifu.

Cheni ya chuma, ilainike kwa oili kama mkate kwenye chai. Na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali.

Kisha likatolewa pendekezo, na nilijua tangu mwanzo kwamba ndilo lililowaleta. Pikipiki ikitengenezwa, achukue Kasi. Ya kwake aitafutie mtu wa kuikodi, hii aiendeshe mwenyewe, na kila siku ataletea familia kitu kidogo. Bi Grisi akae nyumbani amuuguze mama mkwe aliyemvunja.

Alimgeukia mumewe. Aliniambia baadaye kwamba hakungoja atetewe kwa hotuba. Alitaka neno moja tu, hata kikohozi. Mume alisema, "Tutaona." Basi. Hilo tu. Mtu aliyelishwa, akaoshwa na kubebwa mgongoni hadi chooni miezi ile ya mwanzo, alimlipa mkewe neno moja, na neno lenyewe la woga.

Asubuhi niliitwa ukutani. "Jirani, njoo uone kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kutisha kuliko angepiga kelele.

Nilimkuta uani amechuchumaa. Cheni iliyokatika, aliyoiokota barabarani na kuirudisha imefungwa kwenye kitambaa, alikuwa ameitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ya taa. Grisi yote ilikuwa imeachia. Chini yake kulikuwa na kutu. Pingili zimelegea, zinacheza kama meno ya mzee. Aliinyoosha juu ya boksi na kuipitia pingili kwa pingili, kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha akanipa mimi nami niipitie. Nilitafuta ile rangi nyekundu. Haikuwepo.

Tulitazamana. Jambo lenyewe lilikuwa limeshasema. Mtu alichukua pikipiki ya mwenzake, akaifungua cheni mpya, akaivalisha pikipiki yake mwenyewe, akaifunga cheni yake mbovu mahali pake na kuizika ndani ya grisi isionekane. Halafu akamkabidhi mwanamke akijua fika kwamba atakayepanda nyuma ni mama yake mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimshauri aende kwa mumewe kwanza. Alisema mume ameshasema "tutaona", kwa hiyo yeye anakwenda kuona. Alitia koleo na kitambaa kwenye mfuko, akashika njia ya kijiweni, akichechemea. Nilimfuata. Kazi yangu ingeningoja.

Ilikuwa saa ya jua kali, madereva wamejikunyata kwenye kivuli cha duka la simu. Kasi alikuwa miongoni mwao anasimulia jambo na watu wanacheka. Bi Grisi aliwasalimu wote kwa heshima, mmoja mmoja. Kisha akamwambia Kasi aisimamishe pikipiki yake kwenye stendi kubwa. Kasi akauliza kwa nini. Akamjibu kwamba anataka kuiona cheni. Kasi alicheka, akawatazama wenzake wacheke naye. Hawakucheka. Dereva mmoja mwenye mvi, yuleyule aliyemuuliza zamani kama amekuja kusugua masufuria, aliinuka akaushika usukani.

"Kama huna neno, weka stendi," alisema.

Stendi ikawekwa. Bi Grisi alipiga magoti na goti lake bovu, akashika kitambaa, akaanza kuzungusha tairi taratibu, vilevile anavyofanya kila jioni. Vumbi lilikuwa limeshaanza kuifunika cheni, siku mbili tu mikononi mwa mtu yule. Pingili zilipita, zikapita. Halafu akasimamisha tairi, akafuta kwa kidole gumba, na nyekundu ikatokea, inang'aa juani kama tone la damu.

"Shemeji, hii ni nini?"

Kasi alisema ni rangi. Akamuuliza rangi ya nini. Kasi akaanza kusema kwamba kiwandani huwa wanatia alama. Yule mwenye mvi akainama, akanusa kabisa, akasema kiwanda hicho lazima kina saluni. Hapo watu wakacheka, lakini si kicheko alichokitaka Kasi.

Mtu mwenye haya angeomba radhi. Yeye alikaza uso. Alisema cheni ni cheni, hakuna aliyekufa, na zaidi ya yote pikipiki ile si ya shemeji yake. Ni ya kaka yake, na kitu cha kaka yake hakihitaji ruhusa ya mtu aliyeolewa.

Bi Grisi alisimama. Nilidhani atampiga kwa koleo, na sisemi kama ningemzuia.

"Ulijua nani anapanda nyuma yangu," alimwambia. "Ulimwona amesimama mlangoni na mkoba wake. Ukatabasamu."

Kasi alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

Bi Grisi alichuchumaa tena, akaing'oa kwa koleo kilipu inayounganisha ncha za cheni, akaivuta cheni yote, akaikunja ndani ya kitambaa na kuaga. Pikipiki yenye vioo vya kung'aa ikabaki imesimama pale, haina tofauti na kiti. Nasikia Kasi aliisukuma mpaka kwake, na njia nzima hakuna aliyemsaidia.

Mngedhani hapo yameisha. Habari ilitutangulia nyumbani, na tulipofika mama mkwe alikuwa mlangoni, plasta kifuani, macho yamemtoka. Hakuuliza cheni. Alichouliza ni kwa nini mkwe wake amekwenda kumvua nguo mwanawe mbele ya watu, wakati mambo ya ndani yana mahali pake.

Bi Grisi aliweka kitambaa chenye cheni juu ya meza ya sebuleni, juu ya kile kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mama mkwe hakuruhusu hata kikombe kikiguse.

"Mama, mimi nimevuliwa nguo humuhumu ndani jana, mbele ya watu, kwa kosa lisilo langu," alisema. "Nilinyamaza. Nani alinifunika?"

Mama mkwe akageuka kumtazama mwanawe mkubwa. Yule mume alikuwa ameketi kwenye kochi, mkongojo magotini. Akaanza kusema kwamba angefanya nini, yule ni mdogo wake, wamezaliwa tumbo moja. Mkewe alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba hataki tena Kasi avumiliwe wala abembelezwe. Anataka watu walewale waliokaa sebuleni waitwe tena, wakae mahali palepale, na lisemwe lililo kweli kwa sauti ileile iliyosema uongo. Na mpaka hapo litakaposemwa, pikipiki haitatoka uani, na kama watalala njaa watalala wote.

Nilirudi kwangu. Msiulize kama nilisogeza kiti karibu na ukuta.

Waliitwa. Shangazi alikuja amenuna, akisema ameacha shughuli zake. Binamu, ajabu, alikuwa na udhuru. Kasi aliingia wa mwisho na kukaa karibu na mlango. Aliposukumwa aseme, alisema, "Kama nimekosea, basi nisameheni."

Kama. Mama yake amefungwa plasta mbele yake, cheni iko mezani na rangi yake, na yeye anasema kama! Shangazi akadakia upesi kwamba kijana ameshaomba radhi, yaishe, watu washikane mikono. Nilikuwa upande wangu wa ukuta nimekunja ngumi.

Ndipo nikasikia mkongojo ukigonga sakafu. Mume alikuwa amesimama. Alirudia maneno kama mtu asiyezoea kuyatumia. Alisema hakuna "kama". Alisema mdogo wake aliiba cheni, akamvunja mama mkono, kisha akakaa na kumtazama mke wa kaka yake akibebeshwa lawama. Alisema na yeye mwenyewe alitazama, na hilo litamsumbua. Pikipiki haitoki mikononi mwa mkewe. Asiyependa, mlango ule.

Kasi aliondoka bila kuaga. Shangazi akamfuata, akinung'unika kuhusu wake wa siku hizi.

Bi Grisi hakufurahi kama nilivyotaka afurahi. Aliniambia kwamba maneno mazuri yaliyochelewa ni sawa na mwavuli unaoletewa ukishafika nyumbani umelowa. Unashukuru, lakini unaendelea kukamua nguo. Siku nyingi alikuwa anamjibu mumewe kwa mkato. Mume naye hakulalamika. Alianza kutoka hadi uani jioni na kigoda chake, mguu ameunyoosha pembeni, akachukua mswaki na mafuta ya taa na kuisugua cheni kabla mkewe hajanawa mikono. Mara ya kwanza aliacha uchafu mwingi, na mke alifuta yote upya mbele yake. Siku hizi hafuti upya.

Na mama mkwe? Huyo hakuomba radhi, na simtarajii. Siku ya kwenda kukatwa plasta, Kasi alikuja asubuhi na pikipiki yake, imeoshwa, cheni mpya, akasema amekuja kumchukua mama. Mimi nilikuwa naanika nguo. Mama mkwe alitoka na mkoba wake, akampita kwa salamu tu, akaenda hadi uani alikokuwa Bi Grisi anavaa kofia yake ngumu. Akasimama kando ya pikipiki.

"Iweke stendi kwanza," alimwambia mkwe wake. "Izungushe niione."

Bi Grisi aliniambia baadaye kwamba ilimkera pia, kwamba aliyepaswa kukaguliwa hakuwa yeye. Hata hivyo aliipandisha stendi, akalizungusha tairi, na yule mama aliinama na macho yake mabovu akaifuata cheni inavyopita, mpaka ile nyekundu ikapita mara mbili. Kisha akasema twende, akapanda, na kwa mkono ule mzima akamshika kiuno.

Kasi alibaki kwenye lango na injini inanguruma. Nilimwambia azime, ananitilia nguo moshi.